Ng'ombe Arobaini wa Masanja

Msukuma haulizwi idadi ya ng'ombe wake. Kama hukulijua hilo, lijue leo, maana ndilo lililotaka kuwaponza watu wa kijiji cha Mwabulugu. Muulize habari za watoto, atakujibu mpaka jua lizame. Muulize mvua, muulize mpunga, muulize hata wakwe zake. Ukifika kwenye ng'ombe atatazama pembeni na kusema, "Wapo tu wachache." Akiwa nao ishirini, wapo wachache. Akiwa nao elfu moja, wapo wachache. Kuwataja kwa sauti ni kuwaitia mkosi, na kumtajia mtu wa ofisini ni ujinga mtupu.

Masanja mwana wa Seni alikuwa na sababu zaidi ya mkosi. Aliingia bonde la Usangu akiwa kijana, miezi mitatu kwa miguu kutoka kaskazini, nyuma ya kundi la baba yake. Halafu ukaja mwaka ule wa kuhamishwa wafugaji. Walianza kwa kuja watu wenye karatasi, wapole kabisa, shikamoo mzee, shikamoo mama, wakahesabu boma kwa boma. Mzee Seni akawatajia idadi yake yote bila kuficha hata ndama. Miezi michache baadaye karatasi zikarudi na amri: mifugo imezidi, iondoke. Njiani nusu ya kundi lilikufa kwa kiu, na mzee mwenyewe hakufika mbali baada ya hapo. Masanja aliporudi bondeni na wale waliosalia, aliapa kwamba idadi yake ataijua yeye na Mungu. Hata Mbuke, mkewe aliyeishi naye miaka ishirini na saba, hakuijua.

Sasa tuje kwenye korongo la Ngomelo. Kijiji kiko upande huu. Barabara, soko na kituo cha afya viko upande ule. Kiangazi korongo ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo. Mvua zikianza milimani, linashuka limevimba, na asiyevuka jana havuki leo. Mwaka jana, mwezi wa pili, Kulwa binti wa Masanja alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza siku korongo limejaa. Wakakaa ukingoni kutwa nzima wakiyatazama maji. Mtoto akazaliwa palepale juu ya turubai, na hakulia. Masanja mwenyewe ndiye aliyechimba kile kishimo.

Kwa hiyo kijiji kilipoahidiwa daraja, hakuna aliyelitaka kuliko yeye. Akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Na Kulwa alikuwa mjamzito tena, wa kujifungua mwezi wa kwanza.

Waliambiwa injinia atakuja, wakaazima kiti cha mikono na kumchinjia mbuzi. Gari likasimama, akashuka msichana mwembamba mwenye buti za mvua. Watu wakaendelea kuchungulia ndani ya gari wakimtafuta injinia. Aliitwa Sekela, Mnyakyusa aliyekulia Ilomba, mjini Mbeya. Alimpigia Masanja goti la heshima, akala mbuzi vizuri tu, halafu akaanza maswali. Jamani, maswali! Maji yalifika wapi mwaka yalipojaa kuliko yote? Nani aliona? Akaenda kwa vikongwe kuwauliza walivyokumbuka wao. Akatembea kando ya korongo akikwangua tope kavu kwenye magome ya miti na kupima urefu wake. Mchanga ambao kamati ilichota kwa jasho lao akautia kwenye chupa ya maji, akatikisa, akaiacha itulie. Tope likajitenga juu, nene kama kidole. Akasema mchanga huu hapana, una udongo mwingi, zege halitashika. Wakaenda kuchota mwingine mbali zaidi, na Masanja akanuna siku mbili.

Mwishowe alimuuliza Sekela. Fundi Gerson anajenga, saruji inaletwa na lori, mchanga tunachota wenyewe. Wewe, mwanangu, kazi yako hasa ni ipi?

Sekela alifikiri kwanza. "Nakaa na kuwaza namna daraja hili litakavyokufa, baba," alisema. "Kisha naziba njia moja baada ya nyingine, kabla halijajengwa. Fundi akikosea, naona. Nikikosea mimi, fundi anajenga kosa langu vizuri kabisa."

Masanja aliyapenda majibu hayo, na hapohapo, mbele ya kamati nzima, binti akafungua daftari na kuuliza swali la mwisho. Kwa siku, ng'ombe wangapi wanapita hapa?

Mwigulu, rika la Masanja na jirani yake, alijikuna shingo. Wote wakamtazama mwenyekiti.

"Arobaini," alisema Masanja. "Wa kwangu mimi, arobaini."

Alikuwa nao mia sita na kumi na wawili. Baada ya yeye kutaja arobaini, nani angetaja zaidi ya mwenyekiti? Mwigulu akasema thelathini na tano. Mwingine ishirini. Maboma yote ya Mwabulugu yakajumlishwa kwenye daftari la Sekela yakafika mia moja sabini, na binti wa watu akashukuru. Ulikuwa mwezi wa sita, makundi yako mbali huko chini kwenye majani mabichi, na pale korongoni hapakuwa na ukwato hata mmoja wa kuwasuta.

Kazi ikaanza mwezi wa tisa. Daraja la zege, la matundu mawili, halikuwa kubwa, lakini lilinyooka likapendeza. Sekela alikuja kila wiki kutoka Mbeya, na kila alipokuja kuna kitu alikikataa. Kokoto chafu, alikataa. Nondo zilizofungwa kivivu, alizifungua kwa mkono wake mwenyewe. Zege lilipomwagwa alilifunika kwa magunia na kuwaamuru walimwagilie asubuhi na jioni siku saba mfululizo, na Mwigulu akacheka kwamba serikali sasa inanywesha mawe. Masanja hakucheka. Kila jioni alikwenda na ndoo yake, akanywesha. Alianza kumpenda yule binti jinsi mtu anavyompenda mtoto wa ndugu yake aliyesoma: anajivuna naye akiwa hayupo, akija anajifanya kumkaripia.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mvua ya kwanza ikanyesha, ndogo tu, ya kulainisha vumbi. Na makundi yakarudi.

Wewe unajua kwato zinavyofanya ukingo wa mto? Masanja alijua. Alishaona lambo zima kaskazini likifa kwa kukanyagwa. Ng'ombe hapiti alipopita mwenzake. Anajitafutia njia ya pembeni, na wa nyuma naye ya kwake, mpaka ukingo mpana unakuwa unga. Siku tatu baada ya makundi kurudi, ukingo wa kushoto, pale udongo unapokutana na daraja, ulikuwa umesagika. Masanja alisimama pale akijua kabisa kitakachotokea. Maji makubwa yakija hayatasumbuka na zege. Yatakula ule unga pembeni, yatalizunguka daraja, na daraja litabaki limesimama zuri katikati ya mto bila njia ya kulifikia. Akafukia kwa jembe. Akajiambia pengine haitakuwa hivyo.

Sekela alipofika aliona kabla hajazima gari. Alishuka, akainama, akashika udongo, akautembeza kati ya vidole. Akatembea ukingo wote kwenda na kurudi. Halafu akakaa juu ya jiwe na kufungua daftari lake.

"Baba, hawa si ng'ombe mia moja sabini," alisema.

Masanja alisema ni wa wapita njia. Sauti yake mwenyewe aliisikia ikitoka nyembamba.

Binti hakubishana. Alimwita Fundi Gerson, akamwambia kazi isimame. Kisha akasogea pembeni na simu. Masanja alijua sasa anatajwa. Alikaa tayari, mikono magotini, kama mtu anayesubiri hukumu. Lakini maneno aliyoyasikia hayakuwa hayo. Sekela alimwambia mkubwa wake kwamba amekadiria vibaya. Kuta za pembeni, zile ambazo mafundi huziita mabawa, amezichora fupi mno, na hakuwawekea ng'ombe njia yao. Kwamba kosa ni lake, kwa sababu hakusimama kivukoni kuhesabu msimu wa mvua. Yule wa upande wa pili alifoka mpaka simu ikawa inalia peke yake kama kifaranga, na Sekela akawa anasema ndiyo, nimeelewa, ndiyo. Alipokata, macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa nini hukumwambia kwamba mimi nilikutajia arobaini?" Masanja aliuliza.

"Likibomoka, hakuna atakayeuliza nani aliniambia nini," alisema. "Saini ni ya kwangu. Lakini baba, safari hii siwezi kuchora tena kwa kubahatisha. Nikirefusha mabawa kidogo mno, tumerudi palepale. Nikirefusha mno, mvua kubwa zitatukuta kazini. Nahitaji kujua."

Masanja alirudi nyumbani aibu imemkaba. Mwigulu na wenzake wakaja jioni ile, wakazungumza kwa kirefu. Mwigulu alisema yule msichana ni mzuri, ndiyo, lakini hata wale wa mwaka ule walikuwa wazuri. Leo anauliza kwa ajili ya daraja, kesho daftari liko mezani kwa mwingine. Tena akitajiwa leo kazi itachelewa. Si afadhali limalizwe kama lilivyo, mambo ya mvua tutayajua mvua ikija? Yote hayo Masanja alikwisha kujiambia mwenyewe.

Mbuke alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Hakuinua uso. "Mficha uchi hazai," alisema, akaendelea kupepeta. Ndani, Kulwa alikohoa na kujigeuza kitandani kwa uzito wa miezi minane.

Asubuhi Masanja alimkuta Sekela amelala kwenye gari, hakwenda Mbeya. Akamgongea kioo. Akampeleka mpaka kivukoni, akamketisha pale kundi lake linapotokea, na ng'ombe walipoanza kushuka akasimama kando yake. Mdomo ulikuwa mzito. Mwanamume wa miaka hamsini na tisa, mbele ya mtoto mwenye kalamu.

"Mia sita na kumi na wawili," alisema. "Hao ni wangu. Nikikutajia na wa wenzangu kwa kukadiria, jumla inapita elfu mbili kidogo. Wanapita mara mbili, kwenda na kurudi."

Sekela aliandika. Masanja akamwuliza, kwa shida, jina lake linaandikwa wapi.

Binti alimgeuzia daftari aone. Kulikuwa na mchoro wa ukingo, na pembeni yake maneno machache: ng'ombe elfu mbili na mia moja, mara mbili kwa siku. Basi. "Mto haujui ng'ombe ni wa nani, baba," alisema. "Na mimi sina haja ya kujua. Ningekuambia hivyo mwezi wa sita. Sikujua kama ni jambo la kuambiwa."

Masanja alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Miezi sita ya hofu, kumbe angeuliza tu. Kumbe naye angeulizwa tu vizuri. Alikohoa, akafuta pua kwa mkono, akaenda kumfokea Mwigulu mpaka naye akaja na idadi yake.

Mchoro mpya ulichukua siku kumi na moja. Mabawa yakarefushwa, na upande wa chini ikachorwa njia ya ng'ombe ya mawe yaliyopangwa, ili kwato zisiguse tena ukingo wa daraja. Maboma yote yakatoa mikokoteni kubeba mawe. Krismasi ikapita watu wako kazini. Kulia kulikamilika. Kushoto ukuta ulisimama, kifusi nyuma yake kikaanza kujazwa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, na hapo, katikati ya mwezi wa kwanza, milima ikafunguka.

Ilinyesha siku mbili. Asubuhi ya tatu korongo lilikuwa limejaa, la rangi ya chai ya maziwa, likivuta magogo. Na asubuhi hiyohiyo Kulwa akashikwa.

Walimlaza kwenye mkokoteni, Mbuke akimshika mgongo, fahali wawili mbele, Masanja akiwahimiza. Ng'ambo kulikuwa na bajaji imeshapigiwa simu. Walipofika darajani walimkuta Sekela. Alikuwa amekuja usiku uleule mvua ilipozidi, na sasa alisimama kushoto, upande wa kijiji, kwenye kifusi, amelowa chapachapa, akichomeka fimbo udongoni. Alinyoosha mkono juu kuwasimamisha.

Masanja alimwambia binti yake anajifungua. Alimwambia mara mbili. Alimwambia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwake.

"Zege halina neno, lingebeba lori," alisema Sekela. "Ni hiki kifusi. Kina siku nne, kimelowa, hakijashindiliwa kutosha. Fahali wakikanyaga hapa kwato zinazama, ukuta unasukumwa, na mkokoteni unakwenda na maji. Kwato hapana, baba."

"Basi akazalie hapa tena?"

Kulwa alipiga ukelele mmoja mrefu. Sekela alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Mkokoteni mtupu, mama, binti, magurudumu mawili. Akafumbua.

"Watu, ndiyo," alisema. "Sita wa kuvuta na kusukuma, si zaidi. Miguu peku, taratibu, magurudumu juu ya mbao. Fungueni fahali."

Wakawafungua. Gerson na mafundi wakalaza mbao mbili za kumwagia zege juu ya kifusi. Na Masanja mwana wa Seni, mwenye ng'ombe mia sita na kumi na wawili, akavua viatu, akainamisha kichwa, akaingia kwenye nira. Mwigulu, aliyekuja nao, akaingia upande wa pili. Wanaume wanne wakashika nyuma. Chini yao maji yalinguruma mpaka usingeweza kusikia mtu akikuita, na Masanja hakutazama maji. Alitazama miguu yake. Alihisi udongo chini ya kila kidole, jinsi ambavyo hakuwahi kuhisi udongo maishani mwake. Sekela alitembea sambamba nao, ukingoni kabisa, upande ule ambao ukuta ungeanguka kama ungeanguka.

Magurudumu yakagusa zege. Baada ya hapo ilikuwa kukimbia tu. Ng'ambo bajaji ikawapokea Kulwa na mama yake, ikaondoka ikirusha tope, na Masanja akabaki na nira shingoni, akihema.

Alirudi kwa miguu. Sekela alikuwa amepiga magoti kwenye kifusi. Hakumpongeza, hakumpa pole. Aliuliza kama kuna mahali udongo ulicheza chini ya miguu.

"Pako," alisema Masanja. "Mwanzo wa mbao ya kushoto, hatua ya tatu na ya nne. Ulizama kama upana wa vidole viwili, ukasimama. Kwingine kote ulikuwa mgumu."

Sekela alikwenda kuchomeka fimbo palepale. Ikaingia kirahisi. Akaita mawe, na wanaume wote waliokuwepo wakaunda mstari, wakapokezana mawe mkono kwa mkono, wakayapanga nyuma ya ukuta na kushindilia, Masanja akiwa wa kwanza na injinia wa mwisho. Korongo lilipanda shibiri moja zaidi, likakaa hapo, likaanza kushuka. Saa sita hivi simu ya Masanja ikalia. Alikuwa Mbuke. Mtoto wa kiume, analia, analia mpaka wauguzi wanamlalamikia. Kulwa mzima.

Masanja aliwatangazia, watu wakapiga kelele, Mwigulu akacheza ngoma ya miguu peku kwenye tope. Sekela hakucheza. Alikaa chini juu ya mawe, akafunika uso kwa mikono yake michafu, akalia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni. Masanja akaja kuketi kando yake. Alimwambia hakuna cha kulia tena, daraja limesimama, mjukuu yupo.

"Sikuwa na uhakika, baba," alisema. "Nilihesabu mara tatu, bado sikuwa na uhakika. Niliogopa sana."

Masanja aliyatazama maji yakipita katikati ya matundu mawili, pale yalipoambiwa yapite.

"Mimi pia niliogopa, mwanangu," alisema. "Siku ile uliponiuliza."